Barabara ya Mwizi, Mufereji wa Mutu Mwema

Bunia, Bigo. Tarehe 5 mwezi wa nane 1984, siku ya Mungu

Mwezi wa tatu wa mwaka 1982 nilipoteza mabwawa mawili ya samaki kati ya matatu. Sikuibiwa, sikuuza. Yalikauka, kwa sababu mufereji wa Muzee Antoine, shefu wa kartie yetu, yaani mutaa wetu, ulikata maji juu yake, na aliyeamuru mufereji ule ni mutu mwema kuliko wote katika Bigo. Ninaandika hivi tangu mustari wa kwanza, maana kila nikifungua kinywa juu ya jambo hili watu wananijibu: «Lakini Muzee Antoine iko na roho muzuri.» Ndiyo. Samaki wangu walikufa kwa roho muzuri.

Mabwawa yale niliyachimba mimi. Nilifika hapa kutoka Butembo mwaka 1967, mujane, na jembe moja, nikapewa kinamasi ambacho hakuna aliyekitaka. Bwawa la kwanza lilinila msimu muzima. La pili lilikwenda upesi, maana nilikuwa nimekwisha kujifunza maji yanapenda nini. Kwa mavuno mazuri nilikuwa nikitoa ndoo kumi na sita za tilapia katika mabwawa yote matatu. Sasa ninatoa ndoo tano.

Leo kisha misa, Nicolas alitangaza mbele ya kanisa. Nicolas ni mutoto wa ndugu ya Muzee Antoine, naye anashika kazi ya shefu tangu muzee alale kitandani na ugonjwa wa mapafu. Alisema salongo ya mvua hii, kazi ya lazima ya kila jumamosi, itapandisha mufereji mpaka chemchemi ya juu, ili muzee aone kazi yake imetimia mbele ya kufa. Watu walipiga makofi.

Chemchemi ya juu ndiyo inayonywesha bwawa langu la tatu. Hakuna maji mengine.

8 mwezi wa nane

Mvua tangu saa sita. Nimelisha samaki mchwa.

11 mwezi wa nane, siku ya posho, jumamosi

Salongo. Firimbi inalia saa moja asubuhi, kila nyumba inatoa mutu na jembe lake, asiyefika anapigwa faini. Nyumba mbili tatu zinapewa metre sita kila moja za kuchimba, kwa zamu; wengine wanabeba udongo. Kina ni fimbo moja. Fimbo yenyewe Muzee Antoine aliikata katika mukaratusi mwaka 1981, urefu wake unafika kifuani pake, na sasa Nicolas ndiye anayeibeba. Anaisimamisha ndani ya shimo lako. Kama kichwa cha fimbo kinapita majani ya ukingoni, unachimba tena. Kama hakipiti, unaenda nyumbani kunywa chai.

Xavier, dereva wa kamioneti, alichimba karibu nami.

«Mama Bernadette, weye fundi ya kuchimba, nisaidie hata metre moja.»

«Mimi nachimba kwa samaki. Samaki hapana kunipiga faini.»

Watu walicheka, Nicolas pia. Kisha akaja na fimbo yake, akaniambia kwa adabu: «Mama, usikasirike. Étang ile, bwawa yako, ndiyo nyumba ya mbu. Maji yoyote yenye kulala iko nyumba ya mbu.»

«Tilapia anakula watoto wa mbu, Nicolas. Kuja siku moja uangalie.»

«Siye tunafuata nia ya muzee, mama.»

Nia ya muzee ninaijua. Alizika watoto wawili kwa homa katika mwaka mumoja. Alipopewa ushefu aliapa kwamba maji yote yaliyolala Bigo yataondoka, ili mama mwingine asilie kama muke wake. Hakuchukua hata msumari wa mutu. Alichimba metre zake sita kama siye, na za wajane watatu zaidi. Hakuna anayebishana juu ya hiyo, hata mimi.

19 mwezi wa nane, siku ya Mungu

Tulikaa kwa Adeline, jirani yangu, ambaye nyumba yake inagusa mufereji. Alikuwa ameweka kasiksi, pombe ya ndizi, na Xavier akinywa kasiksi anakuwa mwalimu.

Maneno yalianza kwa Katsuva, shefu aliyemutangulia Antoine. Katsuva alikuwa mwizi, na alikuwa mwizi wa mchana. Saruji iliyoletwa kwa shule ilijenga jiko lake. Salongo ya mwaka 1975 na ya 1976 alituchimbisha barabara kutoka shamba lake la mikaratusi mpaka njia kubwa ya Nyankunde, ili lori lake litoe mbao. Alipitisha barabara katikati ya mihogo yangu, wala hakuniomba radhi. Walimufukuza mwaka 1978, akarudi kwao Butembo akiwa munene.

«Yule hata jina yake tusilitaje,» akasema Adeline. «Alitufanya punda.»

«Na punda sasa inapita wapi?» Xavier akauliza. «Mimi kila asubuhi napita na gari juu ya wizi ya Katsuva. Mbele ya barabara ile kuchimbwa, gari haikuingia Bigo. Wagonjwa tulikuwa tunabeba na kitanda mpaka njia kubwa. Weye ulizaa wapi huyu mutoto wako Mathieu?»

«Nyankunde, hospitali.»

«Ulifika na nini?»

«Na gari yako, kelele weye!»

Tulicheka. Kisha Adeline akanigeukia: «Mama Bernadette anafurahi. Katsuva ni ndugu yake ya Butembo.»

«Alikula mihogo yangu,» nikasema. «Ndugu ya namna gani?»

Xavier hakutaka kuacha. Akasema mwaka wa sabini na tatu serikali ilitwaa magazini, maduka ya wageni, ikazigawa kwa wana-inchi. Nia ilikuwa muzuri, siye tuwe wenye mali katika inchi yetu. «Kisha mwaka moja, chumvi ilikuwa wapi? Sabuni ilikuwa wapi? Nia hapana kulainisha sombe, majani ya muhogo inataka chumvi.»

«Ile ni kosa ya wale waliopewa magazini,» Adeline akasema, «hapana ya aliyewaza.»

«Kumbe aliyewaza hapana kujua atampa nani?»

Adeline alimujazia kikombe. «Mungu anaangalia moyo, Xavier.»

«Mungu iko na wakati. Mimi niko na gari.»

Nilirudi nikifikiri. Adeline anauliza mutu alitaka nini. Xavier anauliza gari ilifika ao ilibaki njiani. Mimi ninataka maji yangu tu, na aliyeyakata ni yule mwema.

25 mwezi wa nane

Salongo. Mvua ilitufukuza. Mufereji umebakiza metre mia moja na ishirini kufika chemchemi.

1 mwezi wa tisa

Salongo. Mia moja na sita. Udongo wa huko juu ni mugumu, ninaushukuru.

3 mwezi wa tisa

Leo mchana Adeline alipiga kelele nikatupa ndoo. Mathieu, mutoto wake wa miaka mitatu, alikuwa na homa tangu jana, walimupa Nivakini, dawa ya malaria, akaitapika. Sasa mwili ulikuwa unaruka, macho yamegeuka meupe. Xavier alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka soko. Tulipanda nyuma ya kamioneti, Adeline na mutoto, mimi na kitambaa cha maji, na wanaume wanne juu ya magunia, maana Xavier alisema: «Barabara imekatika mbele ya mikaratusi, nitahitaji mikono.»

Ilikuwa imekatika kweli. Maji ya mvua yamekula upande moja mpaka katikati, shimo linaingiza ng’ombe. Wanaume waliruka chini, wakaangusha mikaratusi mitatu ya Katsuva bila kuuliza mutu, wakailaza ndani ya shimo. Mimi nilibeba mawe. Adeline alibaki juu akimwita mutoto kwa jina, tena na tena, bila kulia, kama mutu anayemwita mutoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

«Kwa nini hakuna aliyejaza shimo hili?» nikamuuliza Xavier. «Salongo inafanyika kila siku ya posho.»

«Nilimuomba Muzee Antoine mara mbili. Alinijibu hatapeleka batu kufanya kazi juu ya barabara ya mwizi. Alisema itakuwa kama kumubariki.»

Gurudumu la nyuma liliteleza, moja ya miti ikavunjika, tukasukuma wote mpaka matope yakatufika mudomoni. Ikapita.

Nyankunde walimupokea mara moja. Walimutia maji ya mushipa, na damu ya baba yake mudogo, mumoja wa wale wanaume wanne. Jua lilipokuwa linashuka mwili uliacha kuruka, akafungua macho akaomba ndizi. Adeline ndipo akalia. Muuguzi aliyeandika jina akauliza tunatoka upande gani wa Bunia.

«Bigo.»

«Bigo ya mufereji?»

Adeline alinitazama. Tukajibu ndiyo. Yule muuguzi akaandika jina chini ya majina mengine mengi ya Bigo.

Tulikuwa tumefika kwa barabara iliyofanywa kwa tamaa, na inakufa kwa sababu aliyekuja nyuma hakuwa na tamaa. Na homa ile, kama muuguzi anafikiri ninavyofikiri, ilitoka kwenye mufereji uliochimbwa ili watoto wasife. 

5 mwezi wa tisa

Mathieu amerudi. Ananyonya muwa.

15 mwezi wa tisa, siku ya posho

Mvua kubwa jana, kwa hiyo hakuna salongo. Nilikwenda mwenyewe kutembea kando ya mufereji kutoka chini mpaka juu. Nimekuwa nikipita pale kila siku, lakini nilikuwa nikitazama sehemu yangu tu, kama kila mutu.

Maji hayatembei. Mbele ya kila nyumba yamelala. Kati ya sehemu arobaini za kwanza, thelathini na moja zilikuwa na maji yaliyosimama, na ndani yake watoto wa mbu wanacheza kama herufi ndogo. Kati ya sehemu moja na nyingine kuna kigongo cha udongo, halafu tena maji, halafu tena kigongo.

Nilileta uzi wangu wa kuchimbia mabwawa na chupa yenye maji nusu, nikaulaza uzi sawasawa na maji ya chupa. Mara moja nikaona. Fimbo ilipimwa kutoka kwenye majani. Lakini juu ya ardhi ya Bigo majani yanapanda na kushuka: hapa kichuguu, pale bonde dogo. Kila nyumba ilichimba fimbo moja kutoka majani yake, kwa hiyo chini ya mufereji nako kunapanda na kushuka vilevile. Tulichimba kwa haki sawa kabisa, hakuna aliyezidishiwa, hakuna aliyepunguziwa. Maji ndiyo hayakuulizwa.

Kumbe walihamisha kinamasi kimoja kutoka kwangu, ambako samaki walikula mbu, wakakigawa vipande themanini na vinne, kila nyumba na chake, bila samaki.

16 mwezi wa tisa

Nilimwonyesha Adeline. Alisimama mbele ya maji ya nyumba yake muda murefu. Nilingojea aseme kwamba muzee iko na roho muzuri. Alisema: «Leta jembe, tuvunje kigongo hiki.» Tulikivunja. Maji yaliingia kwa jirani wa chini, jirani akatoka kututukana.

22 mwezi wa tisa

Salongo. Metre mia tano na zaidi tumechimba tangu 1981, na zimebaki sabini na nne. Nicolas na fimbo.

23 mwezi wa tisa, siku ya Mungu

Nilikwenda kwa Muzee Antoine na tilapia wawili. Muke wake, Mama Immaculée, alinipokea mulangoni. «Karibu, mama. Muzee anakuulizia kila siku.» Akachukua samaki kwenda nao jikoni, nyuma ya nyumba.

Muzee alikuwa ameegemea ukuta, blanketi mabegani. Amekuwa mudogo.

«Samaki ya bwawa la tatu?» akauliza.

«Iko ile moja tu, Muzee. Zingine ulizikausha.»

Alicheka mpaka kikohozi kikamushika. «Weye hapana kuja kuniona. Umekuja kunishitaki.»

«Nimekuja kukuona, kisha kukushitaki. Safari moja.»

«Anza na ya pili, pumzi yangu ni kidogo.»

Nikamweleza uzi, chupa, vigongo. Nilikuwa nimejitayarisha kubishana. Yeye alitazama ukuta.

«Nilijua,» akasema.

«Tangu lini?»

«Tangu mvua ya kwanza. Nilitoka asubuhi peke yangu, nikaona maji amelala mbele ya kila nyumba kama sahani juu ya meza. Nikajua ni fimbo.»

«Na hukusema?»

«Ningesema kwa nani? Batu walichimba mwaka muzima. Batu ya chama ya serikali wamekwisha kuja na ngoma, wamenivika kitambaa. Wamama wanabatiza watoto wao Antoine. Nisimame kuwaambia: chimbeni tena, nilikosa? Nilisema moyoni, nitasema mwaka kesho. Mwaka kesho nikasema tena mwaka kesho.»

«Mathieu wa Adeline nusu afe, Muzee.»

«Najua. Walikuja niombe kwa ajili yake. Niliomba.»

 Mafuta yalikuwa yanalia jikoni.

«Unakumbuka Katsuva?» akasema. «Lori yake ikikwama, alikuwa nakuja yeye mwenyewe na jembe, hata mvua inanyesha. Nilikuwa namucheka. Lakini ilikuwa lori yake. Barabara ikikatika, yeye ndiye anapoteza. Mimi mufereji hapana yangu. Ilikuwa ya batu wote.»

«Na bwawa langu lilikuwa langu.»

«Ndiyo. Kwa hiyo weye uliona.»

Akanishika mukono. Mukono wake ulikuwa wa moto. «Nitamuambia Nicolas. Watumie uzi, waanze tena kutoka chini. Chemchemi waiache. Lakini nataka kuisema mimi, kwa kinywa yangu. Weye nyamaza mpaka niseme. Nipe hiyo tu.»

«Utasema?»

«Nitasema.»

Nilimupa. Mama Immaculée aliingia na samaki, tukala watatu, tukaongea juu ya bei ya chumvi.

Nilikwenda na hasira juu ya mutu mwema aliyekosea. Hasira hiyo imeisha, imekuja nyingine. Nia yake ya mwaka 1981 sina neno nayo. Lakini asubuhi ile alipoona maji yamelala, nia ya kwanza ilikwisha kazi yake, na ilimupasa kuchagua upya. Alichagua jina lake. Watu wanaendelea kumusifu kwa nia ya kwanza, naye aliishi miaka miwili na nusu ndani ya ile ya pili. Nimemuonea huruma pia. Kama watoto wangebatizwa jina langu, sijui ningefanya nini.

29 mwezi wa tisa

Salongo. Nicolas amenisalimia vizuri, ameuliza habari za samaki. Juu ya uzi, hakuna neno. Metre sitini.

2 mwezi wa kumi

Bado.

5 mwezi wa kumi

Muzee Antoine alikufa jana. Nililia, sikutegemea. Bigo yote iko pale, watu wamelala nje juu ya mikeka. Nimepeleka ndoo moja ya samaki kwa matanga, kama jirani. Kila mutu anayesimama anasema roho yake ilikuwa muzuri. Hawasemi uongo.

13 mwezi wa kumi

Salongo ilisimama kwa heshima ya matanga. Nicolas ametangaza kwamba itarudi siku ya posho ijayo, na mufereji utafika chemchemi siku hiyo hiyo. Kartie yote itachimba kwa mara moja, na vijana wa kartie ya pili. Utaitwa Mufereji Antoine. Watu wawili wameandaa ubao wenye jina.

Nilimufuata. «Nicolas, muzee hakukuambia kitu juu ya fimbo?»

«Aliongea mambo mengi, mama. Alikuwa na homa.»

«Juu ya fimbo. Juu ya chemchemi.»

«Mama Bernadette, tumalize kwanza matanga.»

19 mwezi wa kumi, kisha kuondoa matanga

Desturi ya hapa, siku ya kuondoa matanga, mukubwa wa jamaa anasimama na kuuliza: nani iko na neno na marehemu? Neno lisiposemwa siku ile, linazikwa naye, na hakuna anayeweza kulifukua. Leo aliyeuliza alikuwa Nicolas. Mutu moja alisema muzee alimuazima shoka, akarudisha shoka. Mwingine alimuomba msamaha kwa tusi la zamani.  Nikasimama.

Kwanza walidhani ninakuja kusifu. Niliposema neno «fimbo», mama mumoja nyuma akapaza sauti: «Kaa chini! Iko siku ya kudai samaki hii?»

«Muacheni aseme,» akajibu Adeline, na Mathieu mugongoni. «Mutoto wangu aliugua kwa maji ile. Muacheni.»

Nikasema yote: uzi, vigongo, maji yaliyolala. Nikasema muzee alijua, na aliniambia hivyo yeye mwenyewe juu ya kitanda chake, na aliahidi kumuambia Nicolas. Mama Immaculée aliinamisha kichwa. Watu waligawanyika pale pale. Xavier alisema yeye kesho atapeleka jembe lake kwenye shimo la barabara, na si mufereji, na watu wanne wakasema watakwenda naye. Wengine waliniita muchawi wa jina la muzee. Nicolas alinyoosha mikono.

«Mama, sisi wote tunajua muzee alitaka nini. Roho yake...»

«Sikukuuliza roho,» nikamwambia.

Nilikuwa nimekwisha kufikiri. Kama muzee alimuambia, basi alikufa mwema, na Nicolas ndiye anayemukosesha. Kama hakumuambia, basi alichagua jina lake hata pumzi ya mwisho. Sitajua kamwe ni lipi, na maji hayajali ni lipi. Kwa hiyo sikumuuliza lile. Nilimuuliza lingine, mbele ya watu wote, na ninaliandika hapa kama nilivyolisema, asije akasema kwamba hakusikia:

«Nicolas, sasa shefu ni weye. Umesikia, kwa hiyo kuanzia leo nia ni yako, si ya muzee. Kesho asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye chemchemi. Utaikata, ndiyo ao hapana? Nisijibiwe kwamba mutafikiri, nisijibiwe kwamba muzee alipenda watoto. Neno moja, kwa kinywa yako, firimbi ya saa moja haijalia.»